VUMBI HALIULIZI PASIPOTI



Kila ikifika tarehe 7 Agosti utaona picha zile zile. Mashada ya maua, waheshimiwa na suti zao nyeusi, dakika moja ya kimya pale bustani ya kumbukumbu Nairobi. Tarehe 8 kila mtu ameshaenda zake. Aliyepofuka amerudi nyumbani na fimbo yake, na mwenye kipande cha kioo mwilini amerudi nacho. Halafu ikifika 11 Septemba tunaonyeshwa New York. Huko pia kuna maua, kuna kimya, kuna majina yanayosomwa.

Lakini kuna jambo moja lipo kule na huku halipo, na ndilo nataka tulizungumze leo. Aliyevuta vumbi la New York ana kliniki inayolipiwa na serikali yake. Aliyekatwa na vioo vya Nairobi anajitegemea.

Ngoja, usipitishe kidole bado. Najua unachosema. "Ah, hayo ni mambo ya Marekani, yanatuhusu nini?" Yanakuhusu, kijana. Skiza kwanza kisa chenyewe, kisha uamue.

WALIAMBIWA HEWA NI SALAMA

Minara miwili ya ghorofa 110 ilipoanguka tarehe 11 Septemba 2001, haikuanguka kama matofali. Ilisagika. Saruji, vioo, asbestosi, madini ya risasi, samani, kompyuta, vyote vikawa vumbi lililofunika kusini mwa Manhattan yote. Moto chini ya kifusi ukaendelea kufuka mpaka Desemba. Wazima moto, polisi, mafundi wa vyuma, wahudumu wa ambulensi, watu wa kujitolea, na wafagiaji wengi ambao walikuwa wahamiaji maskini, wakafanya kazi humo miezi na miezi. Wakaazi wakarudi majumbani kwao, watoto wakarudi shule.

Na kwa nini walirudi haraka hivyo? Kwa sababu waliambiwa warudi. Tarehe 18 Septemba, wiki moja tu baadaye, mkuu wa shirika la serikali la kulinda mazingira, Bi Christine Todd Whitman, aliutangazia umma kwamba hewa ile ni salama kuvuta. Mwaka 2003 mkaguzi wa ndani wa shirika hilo hilo akatoa ripoti akisema hakukuwa na data ya kutosha kutoa kauli pana kama ile, na kwamba Ikulu ya Marekani ilikuwa na mkono katika kubadilisha maneno ya taarifa kwa umma.

Yaani serikali ilitaka soko la hisa lifunguliwe, mji uchangamke, dunia ione Marekani haikutikisika. Mapafu ya mfagiaji yakawa ndiyo bei.

Kisha watu wakaanza kukohoa. Pumu, mapafu kukakamaa, sinasi zisizoisha, saratani. Polisi mmoja, James Zadroga, akafariki Januari 2006 akiwa na miaka 34. Daktari aliyempasua akaandika kwamba kifo chake kinahusiana na vumbi lile. Mwaka uliofuata mkuu wa uchunguzi wa maiti wa jiji la New York akakataa, akasema kilichokuwa mapafuni hakikutoka huko. Umeona mchezo? Mtu amekufa, na waliobaki ndio wanaambiwa wathibitishe kilichomuua.

HAWAKUPEWA. WALIDAI.

Hapa ndipo nataka uweke akili yako yote, kwa sababu wengi tunadhani wenzetu wa huko wamepata kwa kuwa nchi yao ina pesa. Si kweli. Pesa ilikuwepo tangu 2001. Sheria ilipatikana mwisho wa 2010, miaka 9 baadaye.

Katika miaka hiyo kulikuwa na mipango ya muda, leo ipo kesho haijulikani. Wagonjwa wakawa wanapanda mabasi kwenda Washington, wengine wakiwa na mitungi ya oksijeni, kugonga milango ya maseneta. Desemba 2010 mswada ukakwama Senetini, na waliouzuia ni watu ambao kila Septemba walikuwa wanapiga picha na wazima moto. Ukapita tarehe 22 Desemba baada ya kelele kubwa, na Rais Obama akautia saini tarehe 2 Januari 2011. Ukapewa jina la James Zadroga, polisi yule yule waliyebishana juu ya maiti yake.

Mwaka 2015 wakaurefusha mpaka mwaka 2090. Hebu fikiri: 2090! Maana yake mtoto aliyekuwa darasani siku ile atahudumiwa mpaka uzeeni. Mfuko wa fidia, ambao ni kitu tofauti na matibabu, ulipokaribia kukauka mwaka 2019, wagonjwa walirudi tena Kongresi. Luis Alvarez, mpelelezi wa polisi aliyekuwa na saratani, alikaa mbele ya kamati mwezi Juni akiwa amebaki ngozi na mifupa. Hakumaliza mwezi ule, alifariki tarehe 29. Mwezi uliofuata mfuko ukarefushwa mpaka 2092.

Leo mpango ule wa afya una watu zaidi ya 130,000. Na kazi yake si hadithi tu, una utaratibu unaoeleweka. Kwanza, kuna daftari: nani alikuwepo, wapi, siku ngapi. Pili, mwokoaji anapimwa kila mwaka hata kama hajisikii mgonjwa, kwa sababu magonjwa haya huchukua miaka kujitokeza. Tatu, kuna orodha ya magonjwa yanayokubaliwa, na orodha inaongezwa sayansi ikijua zaidi. Saratani ziliongezwa mwaka 2012. Nne, si waokoaji peke yao. Wakaazi, wanafunzi na wafanyakazi wa eneo lile nao wamo. Tano, ukihama New York ukaenda jimbo jingine, matibabu yanakufuata. Na si lazima uwe raia wa Marekani.

Kama unadhani wanapendelewa, sikia hesabu hii. Siku yenyewe kikosi cha zimamoto cha New York kilipoteza watu 343. Ilipofika Septemba 2023, waliokufa baadaye kwa maradhi ya vumbi lile walikuwa wamefika 343 pia. Miaka 22, na jengo lile lile limeua kikosi kile kile mara mbili. Janga halimalizwi na kuondolewa kwa kifusi.

USIWATUKUZE PIA

Sitaki utoke hapa ukidhani Marekani ni malaika. Ndani ya sheria ile ile ya Zadroga kuna kipengele kinachosema kila anayeomba huduma lazima jina lake lipitishwe kwenye orodha ya washukiwa wa ugaidi. Mtu amechimba maiti kwa mikono, mapafu yameisha, na kabla hajaonana na daktari anapelekewa barua kwamba jina lake litachunguzwa kama si gaidi. Wazima moto wa kizungu walikasirika waliposikia. Sasa wewe unayeitwa Mohamed au Abdullahi, na unajua majina yetu yanavyofanana, unaelewa uzito wake bila kuelezwa.

Na umkumbuke Mohammad Salman Hamdani. Kijana wa miaka 23, Muislamu, mzaliwa wa Pakistan aliyekulia Queens. Alikuwa amesomea huduma ya kwanza na alikuwa kadeti wa polisi. Asubuhi ile alikuwa njiani kwenda kazini, hakufika. Familia ikamtafuta. Badala ya pole, wakaletewa maswali: mtoto wenu ni nani, anasali wapi, magazeti yakadokeza mambo. Mwaka 2002 mabaki yake yakathibitishwa kutoka kifusini. Alikuwa ameenda kuokoa. Hata leo pale kwenye kumbukumbu, jina lake halikuchongwa pamoja na waokoaji.

Kwa hivyo ninachosema si kwamba tuige kila kitu. Ninachosema ni kwamba kuna kanuni moja waliyoipigania mpaka ikaandikwa kuwa sheria, na kanuni hiyo ni haki kokote duniani: aliyeumia kwa janga la umma, au kwa kuwaokoa wengine katika janga hilo, serikali inamtibu kwa muda wote ugonjwa utakaodumu. Si kwa muda wa habari kuwa motomoto.

SASA TURUDI KWETU

Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa, saa nne na nusu hivi asubuhi. Kundi lile lile la al-Qaeda, miaka mitatu kabla ya New York. Nairobi wakafa watu 213, na 12 kati yao walikuwa Wamarekani. Dar es Salaam wakafa 11. Waliojeruhiwa kwetu ni maelfu. Jumba la Ufundi likaanguka na watu ndani. Wengi walipoteza macho kwa sababu walisikia mlio wa kwanza wakakimbilia madirishani kuchungulia, ndipo bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawarukia usoni.

Na nani aliyewachimbua mwanzo? Ni wapita njia, makanga, wachuuzi, makarani waliovua koti wakaingia kifusini na mikono mitupu. Hakuna aliyeuliza huyu ni wa dini gani au kabila gani. Vumbi lile waliovuta ni hao.

Daftari lao liko wapi? Nani anawapima kila mwaka? Asante ya punda ni mateke, wahenga hawakukosea.

Hebu tuwe wakweli. Marekani ilitoa msaada baada ya mlipuko, mamilioni ya dola, na kupitia msaada huo kuna waliotibiwa macho na biashara zilizosimamishwa tena. Lakini ulikuwa mradi, na mradi una mwanzo na mwisho. Kioo kilichoingia kwenye jicho hakijui kuwa mradi umefungwa. Wakenya wakaenda mahakamani Washington kuishtaki serikali ya Marekani kwa kutowalinda, kesi ikatupwa. Kisha Sudan, iliyoshutumiwa kuwapa hifadhi walipuaji, ikakubali kutoa dola milioni 335 ili iondolewe kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi. Waliolengwa na pesa hizo ni raia wa Marekani, na wafanyakazi wa ubalozi na familia zao. Mama aliyekuwa anapita barabarani na mtoto mgongoni hakumo. Fundi aliyekuwa jumba la pili hakumo. Bomu moja, sekunde moja, damu rangi moja, lakini hundi inaangalia pasipoti.

Hilo ni deni la Washington, na tuendelee kulidai. Lakini mimi leo nina ugomvi zaidi na Nairobi.

Kwa sababu sisi tunaijua vizuri sana Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012. Tunaijua kwa usiku wa manane, milango inayovunjwa, vijana wanaobebwa. Upande huo wa sheria unafanya kazi bila kukosa siku. Lakini ndani ya sheria hiyo hiyo kuna sehemu inayounda mfuko wa kuwafidia wahanga wa ugaidi. Umewahi kuisikia? Mbunge wako amewahi kuitaja mkutanoni? Tangu 2012 tumepita Westgate, watu 67. Tumepita Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wako. Upande wa sheria unaokamata uko macho saa 24, na upande unaotibu umelala fofofo. Serikali inayosema inapigana na ugaidi kwa ajili ya wahanga, basi ituonyeshe wahanga inaowatibu.

Wala usidhani ni ugaidi peke yake. Hapa Mombasa, Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi kwa wakaazi, watoto damu zao zikapatikana na sumu. Mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ikapandishwa rufaa, ikafika mpaka Mahakama ya Juu. Mtoto aliyekuwa mchanga kiwanda kikifanya kazi sasa ni kijana, na risasi mwilini haingoji rufaa. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ikalipuka Embakasi, watu wakaungua. Walioungua wanahitaji upasuaji wa ngozi kwa miaka. Kamera zilikaa siku ngapi?

MAJIBU YA WANAOTUNYAMAZISHA

Utaambiwa, "Serikali haina pesa." Waambie Marekani nayo ilisema hivyo hivyo kwa miaka 9. Na hapa hatuombi jengo jipya wala shirika jipya. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, ile iliyoleta SHA, imeunda mfuko wa dharura, magonjwa sugu na mahututi unaolipiwa na Bunge. Mlango upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika kwamba mhanga wa janga la umma aliyesajiliwa anaingia humo bila kudaiwa mchango na bila kurudishwa kwa sababu kifurushi kimeisha.

Utaambiwa, "Si ana SHA kama kila mtu?" Kama kila mtu, ndiyo. Lakini yeye hakuumia kama kila mtu. Aliumia kwa sababu serikali ilishindwa kumlinda, au kwa sababu alifanya kazi ya serikali wakati serikali haijafika. Kumwambia alipe kwanza ndipo atibiwe ni kumtoza faini kwa ushujaa.

Utaambiwa, "Miaka imepita, tutajuaje nani alikuwepo kweli?" Ndiyo maana daftari hufunguliwa siku ya kwanza. Kuchelewa ni kosa la aliyechelewa kuandika. Na kumbukumbu zipo: za hospitali, za mwajiri, picha, mashahidi. Wenzetu waliandikisha watu miaka 10 baada ya tukio na wanaandikisha mpaka leo.

Na kuna jibu la mwisho, hili linatoka kwetu wenyewe. "Tutachanga." Janga likitokea tunatuma nambari ya M-Pesa kwenye WhatsApp, tunachanga Ijumaa baada ya sala, tunanunua magodoro. Allah awalipe wote wanaotoa. Lakini sikia, ndugu yangu. Mchango hununua godoro. Haununui miaka 30 ya dawa za mapafu. Na kila tunapochanga halafu tukanyamaza, tunaifundisha serikali kwamba maskini watabebana wenyewe. Toa sadaka yako, kisha udai haki yako. Moja haifuti nyingine.

KAZI YAKO WEWE

Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Maneno mazuri. Waliokuwa New York walikuwa na maneno mazuri pia, na hayakutibu mtu mpaka waliposimama.

Kwa hivyo sitaki tu ubonyeze alama ya kupenda halafu uendelee na mpira. Fanya haya.

Kama mtaani kwenu kuna mtu aliyeumia 1998, Westgate, Garissa, Mandera, au katika moto, mafuriko au sumu yoyote, kaa naye. Andika: alikuwa wapi, tarehe gani, alitibiwa wapi, anaumwa nini sasa. Piga picha makaratasi yake ya hospitali kabla hayajaliwa na mchwa. Wazee wetu wanatunza stakabadhi chini ya godoro; siku moja karatasi hiyo ndiyo itakuwa ushahidi.

Kama wewe mwenyewe uliingia kuokoa watu, jiandike. Usione haya. Hamdani hakupata nafasi ya kujieleza, wewe unayo.

Seneti imewahi kuunda kamati maalumu kuhusu fidia ya wahanga wa 1998. Muulize seneta wako imefikia wapi. Muulize hadharani, kwa jina lake, na urudi kumuuliza mwezi ujao. Muulize mbunge wako kuhusu mfuko wa wahanga ulio kwenye sheria ya ugaidi: nani anausimamia, una shilingi ngapi, umemlipa nani. Gavana muulize kama kaunti ina daftari la waokoaji na walioathirika, na janga likitokea usiku wa leo ni nani mwenye kalamu.

Tukishadai, tudai vitu vinne tu na tusitoke hapo: daftari linalofunguliwa siku ya janga, upimaji wa kila mwaka bila malipo, orodha ya magonjwa yanayokubaliwa bila mgonjwa kuzungushwa, na matibabu ya muda wote ugonjwa utakapodumu. Kwa wote, bila kuangalia jina, dini wala kaunti. Na pasiwe na orodha ya washukiwa mlangoni pa daktari.

Tarehe 7 Agosti ijayo wakubwa watakuja tena na maua yao. Twende na sisi. Wao washike maua, sisi tushike orodha ya majina ya walio hai, wanaoumwa, wasiotibiwa. Wakimaliza dakika yao ya kimya, tuisome kwa sauti.

Inshallah tutaonana huko.